Kiwanja cha Miritini

Fundi Swabiri, aliyenifunza kushika brashi,
hakuwahi kuliona shamba la maua.
Alikuwa na kalenda tu, ya mwaka nisiozaliwa,
imening'inia kwa msumari mmoja, karakana ya Makadara:
miezi kumi na miwili ya nchi za baridi,
nyasi zimechanganyika na wekundu mpaka vilimani,
na pembeni, mtu mdogo kachutama na turubai lake.
"Hawa," akisema, "huacha mji mzima
wakenda kutazama magugu.
Baba kamfunza mwana, mwana kamfunza jirani,
miaka nenda miaka rudi
wanachora kitu asichokila hata ng'ombe."
Kisha akirudi kwenye kazi ya siku:
HAPA TUNAUZA GESI.
Nukta. Malipo kesho.

Mimi nilichora simba. Mtu hula.
Simba, mlango wa Mji wa Kale, simba tena,
mpaka masika ya mwaka huu yalipomwaga siku ishirini,
nikapita Miritini, nyuma ya yadi ya makontena,
kwenye kiwanja kilichogombaniwa kortini
tangu niko darasa la tatu.

Kongwe, buluu ya kitenge kisichofuliwa bado.
Mchunga, manjano juu ya vijiti,
kama vifungo vilivyopoteza shati.
Talakushe jeupe, doa la zambarau kooni.
Mbigili inatambaa, ua usoni, mwiba kifuani.
Na kishonanguo, asiye na adabu,
anayekufuata hadi nyumbani.

Nikafungua kiti.

Munyoki, askari wa yadi, akaja na rungu na kikombe cha chai.
"Unapima?"
"Nachora."
"Unachora nini?"
"Hiki."
Akatazama kiwanja, akanitazama, akarudi kutazama kiwanja.
"Hapa hakuna kitu."
Siku ya tatu alileta kiti chake.

Jambo ambalo kalenda haikusema:
kongwe hufunga saa sita.
Ukichelewa kuchanganya buluu, umebaki na majani.
Nilikuwa nikifika na umande, suruali imelowa hadi magotini,
nikikimbizana na ua lisilojua kwamba lakimbizwa.

Siku ya nne Mbeyu akaja na gunia,
akainama katikati ya picha yangu.
"Mama! Hayo maua!"
"Maua?" Hakuinuka. "Mchunga huu.
Ukishatoa ua uchungu wake mara mbili,
usipoupika kwa tui zito hauliki."
Akachuma kutoka kushoto kwenda kulia,
mstari kwa mstari, kama asomaye barua,
na nyuma yake manjano yakazimika.

Ningeweza kuyarudisha. Rangi nilikuwa nayo.
Sijui wale wa kalenda walifanyaje;
labda kila shamba lile jekundu
lina mwanamke aliyefutwa.
Mimi niliacha pengo:
njia ya kijani, upana wa mgongo wake.

Meneja wa hoteli ya Nyali akainamisha kichwa.
"Nzuri. Hapo penye nafasi, weka twiga."

Kesi ikaisha Ijumaa. Greda likaja Jumatatu.
Munyoki alinipigia simu nisikie lile ngurumo,
hakusema neno, akakata.
Sasa pana ukuta wa matofali, mrefu kupita mtu,
na fundi aliyeitwa kuuandika ni mimi:
KIWANJA HIKI HAKIUZWI.
Nukta. Malipo kesho.

Picha niliipeleka Kongowea, nimeifunga kwa gazeti.
Mbeyu akaiegemeza kwenye kreti la nyanya,
akafuta mikono kwa leso,
akaanza kuhesabu kwa kidole, pasipo kugusa:
"Hapa mafungu manne.
Hapa sita, mazuri, bado machanga.
Na hapa," kidole kikafika penye pengo, kikatulia,
"hapa nilishauza."